Magunia Hasi 14

Nyie mnaosema mtu wa kompyuta anakula bata, njooni Uyole, Mbeya, saa moja asubuhi, mwezi wa saba, mnione nahesabu viazi huku meno yanagongana.

Nimesomea mifumo ya habari za biashara miaka mitatu. Barua ya ajira inasema kazi yangu ni kuoanisha biashara na teknolojia. Ofisini jina langu ni "IT". IT, printa imekwama. IT, mashine ya EFD haitoi risiti. IT, birika halichemshi. Birika! Eti na lenyewe lina waya.

Lakini kilichonizeesha ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Niliwatengenezea mfumo wa stoo, safi kabisa: gunia moja, kilo 100, ukomo wa sheria ya vipimo. Kuingia ghalani, nakuta gunia limeshonewa kilemba juu kama mlima Loleza. Nikamuuliza mtunza stoo, "Mzee wangu, hili niliandike magunia mangapi?"

Hata hakuniangalia. "Andika moja na heshima yake."

Haya, heshima naiweka safu gani?

Basi kampuni inanunua kwa lumbesa, inauza kwa kilo. Kompyuta maskini inajua imepokea kilo 100, inashangaa zinatoka 130. Juzi ripoti ikaonyesha ghalani tuna magunia hasi 14. Bosi akaniita, kakunja uso: "Kijana, viazi vyangu umevipeleka wapi?" Nikamwambia, bosi, viazi vimezidi, havijapungua. Akanitazama kama mtu anayetapeliwa mchana kweupe. Ndiyo maana nipo hapa nahesabu kwa kidole, na shahada yangu mfukoni.

Na mshahara nao ni lumbesa, ila imeshonwa kwenye karatasi tu. Laki tisa! Ukitaja hivyo pale Mwanjelwa, hata muuza mitumba anakupangusia kiti. Sasa ngoja mwisho wa mwezi. NSSF, akiba ya uzeeni, 90,000. Kodi ya mapato 80,500. Bodi ya mikopo ya wanafunzi asilimia 15, yaani 135,000, tena hiyo inakatwa kwenye laki tisa nzima, hawana habari kwamba wenzao wameshapita. Ninachoshika ni 594,500. Hapo mwenye nyumba hajagonga, na bando la intaneti la kuingilia huo mfumo usiku nanunua mwenyewe.

Nyumbani ndiyo usiseme. Mama alishatangaza Tukuyu nzima kwamba mwanawe ni fundi wa mitambo. Jumapili mjomba kashuka na Kosta, redio kwapani, mkungu wa ndizi begani.

"Mwipwa, hii imenyamaza tangu Pasaka."

Nikasema mjomba, mimi nachambua taarifa za biashara. Akasema sawa, ichambue.

Nikafungua. Betri zimewekwa kichwa chini. Nikazigeuza, ikalia. Mjomba akanibariki mpaka majirani wakatoka nje, akanikabidhi mkungu wangu mzima, bila makato.