Chura wa Kihansi na maji ya mfongo

Jirani yangu hapa Rau, mzee aliyelima mpunga miaka mingi, akisikia habari za vyura wa Kihansi husema neno moja: "Umeme kwanza." Simlaumu. Sisi wa Moshi tunaujua mgao, na mitambo ya Kihansi, kule milima ya Udzungwa, ina uwezo wa megawati 180. Bwawa letu la Nyumba ya Mungu lina 8 tu. Nchi yenye kiu ya umeme isingeyaacha maporomoko ya mto Kihansi yamwagike bure.

Ila hayakuwa yakimwagika bure. Rasharasha yake ililowesha kipande cha bonde cha hekta chache, na duniani kote ni hapo tu alipoishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefikia sentimita 3, ambaye hatagi mayai bali huzaa vitoto vilivyokamilika. Aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, rasharasha ikakatika.

Ndipo gharama zikaanza. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia bonde, na karibu vyura 500 wakapelekwa Marekani kwa ndege. Wananchi wakauliza: vyura wapande ndege, na zahanati zetu je? Swali hilo ni la haki, na wapenda mazingira wanakosea wanapolibeza. Lakini lawama imemwangukia asiyehusika. Kilichotugharimu ni uchunguzi uliochelewa. Bonde lingekaguliwa vema kabla ya kujenga, fungu la maji la chura lingewekwa kwenye ramani tangu mwanzo.

Nilimuuliza mzee, ambaye kwao ni Kibosho, penye mifongo, yaani mifereji ya Wachagga ya kumwagilia mashamba: "Babu, wa juu akifunga mfongo wote, wa chini wakakosa?" Akajibu papo hapo, "Huyo anaitwa kwenye kikao." Nikamwambia Kihansi chura ndiye alikuwa wa chini. Akasema chura hana shamba. Hatujakubaliana hadi leo.

Mwaka 2003 waliobaki bondeni walikufa kwa wingi ghafla, na ugonjwa wa kuvu ukagundulika kati yao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Desemba 2012, vyura wa kizazi kilichotunzwa Marekani walianza kurudishwa Kihansi. Wanaishi chini ya mabomba yale yale, na bomba likiziba, hawana rasharasha nyingine ya kukimbilia.