Kila Nilipokataa, Bei Ilipanda

Mjomba wangu ni mtu wa Mombasa aliyehamia Madrid zamani, na tangu ahamie huko hakubali kununua dukani kitu chochote kinachoweza kupatikana El Rastro. Soko hilo hufanyika Jumapili na siku za sikukuu, kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwenye mteremko wa mtaa wa Ribera de Curtidores, ambako zamani watengenezaji wa ngozi walifanyia kazi yao karibu na machinjio. Siku hizi pana vibanda vipatavyo elfu moja, na kila mwenye kibanda ana kibali cha manispaa. Habari ya vibali naomba msomaji asiisahau.

Kila pembe ya soko ina mambo yake. Katika mtaa wa San Cayetano wanauza michoro, na kule chini, katika uwanja wa Campillo del Mundo Nuevo, wazee wenye mvi hubadilishana picha za wachezaji wa mpira na watoto wa shule, tena kwa ubishi mkali ambao sijauona hata bandarini. Sisi tulikwenda moja kwa moja Plaza del General Vara del Rey, kwa wauza vitu vya kale, kwa sababu Mjomba alikuwa amesikia habari za sanduku.

Lilikuwa sanduku la mbao nyeusi, limepigwa njumu za shaba kwenye kifuniko, na lina kitasa kikubwa kisicho na ufunguo. Mjomba alipiga magoti, akafunua kifuniko, akanusa ndani, kisha akaninong'oneza, "Mpwa wangu, hili ni la Lamu. Babu yangu alikuwa nalo."

Nilichungulia chini yake nikaona karatasi ya kiwanda. "Mjomba, hapa pameandikwa Valencia."

"Hiyo waliibandika baadaye," alinijibu, akaanza kupatana. Muuzaji alitaka yuro 120. Mjomba alisikitika, akaondoka, akarudi, akaondoka tena, na mwishowe sanduku likawa letu kwa 85.

Kulibeba ndipo tulipoiona kazi. Tulipofika Ribera de Curtidores tulikuwa tumelowa jasho, na mbele yetu kulikuwa na mlima mtupu. Mjomba alitoa mfukoni leso aliyoichukua nyumbani kwa ajili ya kulifunikia sanduku, tukaitandaza kando ya njia ili shaba isikwaruzwe na mawe, tukaliweka sanduku juu yake. Jina la leso, "Akiba haiozi", lilibaki likisomeka vizuri kwa mbele. Kisha yeye akaenda Lavapiés kuazima mkokoteni wa rafiki yake Mbangladeshi mwenye duka la vyakula, akaniacha mlinzi. Kwa sababu ya joto nilivua koti, nikalikunja vizuri nikaliweka juu ya kifuniko, pamoja na botijo, mtungi wa udongo wa kupozea maji, niliokuwa nimemnunulia mama.

Aliyewahi kutembea katika miji ya Uhispania anawajua vijana, wengi wao Wasenegali, wanaouza mikoba na miwani juu ya shuka lenye kamba kwenye pembe zake, ili askari wakitokea kamba zivutwe na duka zima likimbie na mwenyewe. Sasa mimi, Mwafrika niliyesimama nyuma ya kitambaa kilichotandazwa barabarani na kupangwa bidhaa tatu, nilikuwa nimeshafungua biashara bila kujijua.

Mzee mmoja mwenye kapelo alisimama, akagonga sanduku kwa kidole, akauliza ni kiasi gani. Kihispania changu wakati ule kilikuwa hesabu na salamu tu. Nilidhani anataka kujua tumelinunua kwa bei gani, nikamwambia kweli tupu: 85. Akataja 70. Nikatikisa kichwa. Akataja 80. Nikapunga mikono yote miwili. Akafika 85, nami nikaweka mkono kifuani na kurudi nyuma hatua moja, kama tufanyavyo kwetu mtu anapoomba radhi. Yeye akaona amekutana na mfanyabiashara hodari, akaruka hadi 100. Watu wakaanza kujaa. Mwanamke mmoja aliyekuja kuuliza mtungi akaacha mtungi, akatia 110. Kila nilipokataa bei ilipanda, na ilipofika 140 kwa yule mzee, nilimwona kijana mmoja kwenye kibanda cha jirani akijitazama kiooni, akigeuka huku na huku, amevaa koti langu.

Mwenye kibanda hicho cha vioo, ambaye ndiye pekee aliyekuwa akilipia nafasi yake pale, alikwenda kuita askari. Wakaja wawili wakaniomba kibali. Nikawapa pasipoti. Mmoja akaipekua, akanirudishia, akaniomba kibali tena, safari hii polepole na kwa sauti kubwa zaidi.

Hapo ndipo Mjomba alipotokea na mkokoteni. Alieleza kwa Kihispania cha kasi, huku akigusa moyo wake, kwamba hatuuzi chochote, kwamba sanduku hili ni la marehemu babu yake na limetoka Lamu. Askari akainama, akasoma karatasi ya Valencia, akamtazama Mjomba kwa muda, kisha akatuamuru tuondoe mizigo yetu. Koti nililipata, kijana alilivua kwa shingo upande.

"Yule mzee alifika ngapi?" Mjomba aliniuliza tukisukuma.

"Mia na arobaini."

Mkokoteni ulisimama. "Na wewe ukakataa?"

"Mjomba, si ni la babu?"

"Babu alikuwa mfanyabiashara!"

Lakini askari walitusindikiza hadi Plaza de Cascorro, chini ya sanamu ya Eloy Gonzalo, yule mwanajeshi wa vita vya Cuba aliyebebeshwa bunduki na debe la petroli tangu 1902, na mbele ya askari hakuna aliyethubutu kutaja bei. Tukateremka Lavapiés. Mzee wa kapelo alitufuata kwa mbali.

Mjomba anakaa ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Tulifika kona ya pili ya ngazi, sanduku likakwama, haliendi juu wala halirudi chini, na jirani aliyekuwa akitoka na mbwa akalazimika kuahirisha safari. Tulipofaulu kulishusha, mzee alikuwa mlangoni akivuta sigara. Alizitazama ngazi, akatutazama sisi, akasema 90. Mjomba alipokea bila neno, na sanduku likapakiwa kwenye teksi likiwa limefunikwa vizuri.

Juu, mkaza mjomba alitufungulia mlango, akaitikia shikamoo yangu, wala hakuuliza habari za sanduku. Mkononi alishika kipande kimoja cha leso.

"Mwenzake huyu yuko wapi?"

Mjomba alinisukuma kuelekea kwenye ngazi. "Kimbia, mpwa wangu, hajafika mbali. Na bei yoyote atakayotaja, wewe kubali!"