Barrios si manyoya peke yake

Naishukuru makala yenu kuhusu Agustín Barrios, mpiga gitaa wa Paraguay aliyezaliwa mwaka 1885 na kufariki San Salvador mwaka 1944, ingawa mwandishi amekawia mno kwenye vazi la manyoya ya ndege ambalo Barrios alipanda nalo jukwaani miaka ya 1930 akijiita Nitsuga Mangoré, na muziki wenyewe ameupitia juujuu.

Kwetu tunaofundisha gitaa hapa Mwanza, habari kubwa ni nyuzi. Barrios alitumia nyuzi za chuma wakati wapigaji wengi wa klasiki walitumia za utumbo wa wanyama, na wapo waliomdharau kwa hilo. Lakini vijana wangu wa Kirumba, ambao magitaa yao karibu yote ni ya nyuzi za chuma kwa kuwa ndiyo yanayopatikana madukani, humsikiliza kwa makini zaidi wakishalijua jambo hilo.

Tena Barrios hakuona haya kuiweka tungo yake Danza Paraguaya, yenye mdundo wa kwao, bega kwa bega na La Catedral ya mwaka 1921, iliyobeba heshima yake kwa Bach, mtunzi wa Kijerumani. Sisi majirani wa Bujora, ambako vikundi vya wachezaji vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma za Kisukuma, tungefaidika na mtunzi wa namna hiyo.

Namwomba mhariri aongeze kwamba Barrios alikuwa miongoni mwa wapiga gitaa wa klasiki wa mwanzo kabisa kurekodi santuri, na kwamba wasikilizaji wengi walimfahamu baada ya mpiga gitaa John Williams kurekodi kazi zake mwaka 1977.