Wanawake Wanne Meza Moja: Urafiki, Siri na Kesi ya Mauaji

Mwaka 2001 mwandishi wa Marekani, James Patterson, alitoa riwaya ya kwanza katika mfululizo wa hadithi za upelelezi uitwao Women's Murder Club, ambao sasa umepita vitabu 20, na ambao wahusika wake wakuu ni wanawake wanne wa jiji la San Francisco. Lindsay Boxer ni askari mpelelezi wa kesi za mauaji, Claire Washburn ni daktari anayechunguza maiti, Jill Bernhardt ni mwendesha mashtaka na Cindy Thomas ni mwandishi wa habari za uhalifu. Kila mmoja ana ofisi yake na mkubwa wake wa kazi, lakini saa za kazi zikiisha hukutana mezani wakala na kunywa, na kila mmoja akaeleza aliyoyaona. Mpelelezi hupata jibu la daktari kabla ripoti haijachapwa, mwendesha mashtaka hujua udhaifu wa ushahidi kabla jalada halijamfikia, na mwandishi wa habari husikia yote. Wauaji hukamatwa kwa sababu wanawake hao wanaaminiana.

Hapo ndipo ulipo ubishi. Wapo wasomaji, wengi wao wanawake, wanaouona umoja huo kuwa jambo bora kuliko yote katika vitabu hivyo. Wapo pia, hasa watu waliozoea mambo ya mahakamani, wanaosema kwamba kesi iliyopelelezwa kwa namna hiyo isingefika mbali mbele ya jaji makini. Naandika nikiwa Mtwara, na naona kila upande una hoja inayotugusa hapa, kwa sababu yanayosimuliwa kuhusu San Francisco yapo pia Chikongola, Mikindani na Lindi mjini, ila kwa sura nyingine.

Nianze na wanaosifu. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina historia ya kujivunia, lakini ni historia ya wanaume. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hufumbua mafumbo huku rafiki yake Najum akimfuata nyuma. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni vijana wa risasi, akili na safari za ghafla. Mwanamke katika riwaya za namna hiyo mara nyingi huwa mpenzi wa shujaa, au chambo cha adui, au marehemu anayefungua hadithi. Nuru, mwenzake Joram Kiango, alipata nafasi kubwa kuliko wengi na anastahili kukumbukwa kwa hilo, ila hata yeye anasimama pembeni ya mwanamume ambaye jina lake ndilo linaloubeba mfululizo. Mtu aliyekulia kwenye vitabu hivyo, kisha akakutana na wanawake wanne wanaojadili jeraha la kisu, sheria ya ushahidi na uchovu wa kazi katika mazungumzo yaleyale, hawezi kukosa kuona kwamba kuna mlango umefunguliwa. Hawazungumzi kuhusu wanaume peke yake. Wanazungumza kuhusu kazi, na kazi yenyewe ni ya kutafuta haki ya waliouawa.

Hoja ya pili ya upande huu ni nzito zaidi, nayo ni kwamba wanawake husikia mapema. Hili halihitaji kutungwa. Katika mikoa yetu ya kusini, ambako Wamakonde, Wamwera na Wayao wamehesabu ukoo kwa upande wa mama tangu zamani, mwanamke aliyeolewa ana mama zake wadogo, dada zake, somo yake na wenzake wa kikundi cha hisa, na habari za nyumba yake huwafikia hao muda mrefu kabla hazijafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Anayejua kwamba mume ametishia kuua mara mbili ni jirani anayechota naye maji bombani. Askari atakuja kulijua hilo baada ya msiba, ikiwa kuna mtu atakayekubali kumwambia.

Kuna kundi moja ambalo kila nikisoma sura za daktari Claire Washburn hunijia akilini, nalo ni la wanawake wanaoosha maiti za wanawake wenzao. Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika ukanda wetu wa pwani, mwanamke akifariki huoshwa na wanawake, na maziko hufanywa haraka, mara nyingi siku hiyohiyo. Ikiwa kifo kimetokea nyumbani na familia ikasema kwamba marehemu alianguka bafuni au aliamka na homa, kwa kawaida mwili huo hauonwi na daktari yeyote. Wa mwisho kuuona ni wanawake watatu au wanne nyuma ya pazia, wenye ndoo, karafuu maiti na sanda. Wanamgeuza upande wa kulia, kisha wa kushoto. Wakikuta alama za vidole shingoni, au wekundu wa mkanda mgongoni, hakuna mtu mwingine duniani atakayeziona tena baada ya Asri. Mahakama inaweza kuamuru kaburi lifukuliwe, lakini michubuko ya ngozi haidumu ardhini.

Wanawake hao wanabanwa na mambo mawili. Dini inawataka wamsitiri maiti, yaani wakiona aibu katika mwili wasiitoe nje. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24 ya sheria za Tanzania, imeweka utaratibu wa kuchunguza kifo cha ghafla, cha kikatili au kisichojulikana chanzo, na utaratibu huo hauwezi kuanza kama hakuna aliyefungua kinywa. Kwa maoni yangu, alama ya kipigo si aibu ya marehemu bali ni dai lake, na kuitaja kwa mtu anayestahili kuisikia si kumvunjia sitara. Lakini muosha hawezi kuitaja peke yake. Anamwogopa mume, anawaogopa mashemeji, anaogopa kuitwa mchonganishi. Anahitaji mwanamke mwingine wa kumwambia kwanza, na ikiwezekana mwanamke huyo awe na ndugu askari au muuguzi katika hospitali ya Ligula. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba umoja wa Patterson ni ndoto ya mwandishi, nakataa. Umoja wa aina hiyo upo, na ndio unaoamua ni vifo vipi vitachunguzwa na vipi vitafukiwa.

Sasa niwape haki wanaokosoa, maana hoja yao si ya watu wenye wivu. Mpelelezi, daktari, mwendesha mashtaka na mwandishi wa habari wametenganishwa kwa makusudi. Daktari akishajua mpelelezi anamshuku nani, macho yake yanaanza kutafuta kile kinachotarajiwa. Mwendesha mashtaka akishiriki kuyajenga mashaka tangu siku ya kwanza, nani atabaki na moyo mkavu wa kusema kwamba ushahidi hautoshi na mtu huyu aachiwe? Tanzania imetumia miaka mingi kuyatenga mashtaka na polisi, kupitia Sheria ya Usimamizi wa Mashtaka ya mwaka 2008 na hatimaye kuundwa kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka mwaka 2018, na sababu kubwa ilikuwa kwamba aliyekamata asiwe ndiye anayeshtaki. Ni kweli kwamba waendesha mashtaka wana mamlaka ya kuratibu upelelezi, kwa hiyo mazungumzo kati yao na polisi si haramu. Tofauti ni kwamba mazungumzo hayo yana barua na jalada, na wakili wa utetezi anaweza kuuliza maswali juu yake. Yale ya mezani hayana hata karatasi.

Vivyo hivyo kwa vielelezo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesisitiza mara nyingi kwamba kielelezo lazima kiwe na mtiririko wa makabidhiano unaoeleweka: nani alikichukua, nani alikifunga lakiri, nani alikipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, nani alikipokea, na kila mkono uwe na saini na tarehe. Pengo moja linaweza kumwachia huru muuaji, au kumtia hatiani asiye na kosa. Na hapa kwetu kosa la mauaji halina dhamana, adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa, na mshtakiwa anaweza kukaa mahabusu muda mrefu akisikia kila tarehe kwamba upelelezi haujakamilika. Kwa mtu huyo, utaratibu ambao wasomaji wanaruka kurasa zake ndiyo ngao pekee aliyonayo.

Wanawake wa Mtwara wanalielewa jambo hili kuliko wanavyodhaniwa. Kisanduku cha kikundi cha hisa kina makufuli matatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu wa nyumba tofauti, ilhali wote ni marafiki, wamechezeana watoto unyagoni na wamezikana. Hakuna anayeona kwamba kufuli ni tusi kwa urafiki. Mfululizo wa Patterson ungekuwa na nguvu zaidi kama wahusika wake wangefikia hatua ya kuambiana waziwazi, hili usiniulize, kwa sababu kesho nitaapishwa.

Anayenipa taabu zaidi kati ya wanne hao ni Cindy Thomas. Katika kitabu cha kwanza anapenya hadi hotelini ambako maharusi wameuawa, ili apate habari kabla ya wenzake wa magazeti mengine, kisha anaingizwa kwenye umoja kwa makubaliano kwamba atazuia baadhi ya mambo hadi wakati utakapofaa. Wanaomtetea wanasema kwamba huo ni uaminifu, na kweli ameonyesha kiasi ambacho waandishi wengi hawana. Hata hivyo, mwandishi anayekaa meza moja na polisi kila wiki atawezaje kuandika siku polisi wamekosea? Katika mji mdogo kama wetu kuna hatari nyingine tena. Jina la mshukiwa likitoka mezani asubuhi, jioni liko kwenye makundi ya WhatsApp, na usiku kunaweza kuwa na nyumba inayochomwa na wale ambao taarifa za polisi huwaita wananchi wenye hasira kali. Hilo haliwezi kurekebishwa kwa kuandika habari ya pili.

Ukosoaji wa kwamba vitabu hivi hutolewa harakaharaka, kwa sura fupi na waandishi wasaidizi, nauona hauna uzito mkubwa katika mjadala huu. Andrew Gross alishirikiana na Patterson katika kitabu cha pili na cha tatu, na kuanzia cha nne mwandishi mwenza ni mwanamke, Maxine Paetro. Sura fupi hazikuwahi kumdhuru msomaji.

La maana zaidi limo katika kitabu cha tatu, cha mwaka 2004. Lindsay anaona michubuko mwilini mwa Jill, mwendesha mashtaka hodari ambaye kazi yake ni kuwapeleka wakatili gerezani, na inadhihirika kwamba mume wake mwenyewe anampiga. Wanawake walioweza kumsoma muuaji wasiyemjua kutokana na jeraha moja walikuwa wamekaa naye, wakala naye, wasilione. Katika kitabu hichohicho Jill anauawa, na kwa mikono mingine isiyo ya mume. Wakosoaji wanasema kwamba mwandishi aliitumia habari ya kipigo kama kitoweo tu cha kumfanya msomaji aumie zaidi, na sehemu ya hadithi inawapa haki: kifo cha Jill kinaliondoa swali la ndoa yake kabla halijajibiwa. Mimi naona kwamba hata kwa kasoro hiyo, hapo mfululizo ulisema kweli kubwa kuliko mahali pengine popote. Aibu humnyamazisha hata mwanamke anayeijua sheria kwa moyo. Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vyetu vya polisi, fomu ya PF3, ambayo polisi humpa aliyejeruhiwa aende nayo hospitali, ipo, na bado mwalimu, muuguzi, hata askari wa kike anaweza kujifunika mtandio hadi kwenye viganja katikati ya joto la Februari, na wenzake wakasema amekuwa mcha Mungu zaidi.

Kwa hiyo kipimo changu cha umoja wa marafiki ni kile walichomfanyia rafiki aliye hai. Kwa kipimo hicho Lindsay na wenzake walichelewa, na heshima ya vitabu ni kwamba vinakubali walichelewa. Vilevile vinakubali kwamba askari naye anaweza kushtakiwa: katika kitabu cha nne, cha mwaka 2005, Lindsay anafikishwa mahakamani kwa sababu ya risasi alizofyatua, na wakili Yuki Castellano, aliyemtetea, ndiye anayekuja kuingia katika umoja baada ya Jill kuondoka. Anayedai kwamba mfululizo huu unadharau sheria kabisa hajafika kitabu hicho. Ninachokubaliana naye ni kwamba sheria inapewa nafasi pale inapomkuta mhusika tunayempenda, na inasahauliwa anapokaa kizimbani mtu ambaye hatumjui.

Mwandishi wa Kiswahili akitaka kuandika umoja wake wa wanawake huku kusini, na natamani sana atokee, simshauri achukue mpelelezi, daktari, mwendesha mashtaka na mwandishi wa habari kama walivyo akawabadilishia majina. Aanze na muosha maiti. Amwonyeshe akimwambia mwanamke mwenzake alichokiona, na huyo akampeleka kituoni, ambako maelezo yake yanaandikwa na kusainiwa, kisha urafiki ukae pembeni upelelezi ufanywe na wenye kazi yao. Halafu amfikishe Mahakama Kuu, mbele ya wakili wa utetezi anayemuuliza kwa nini alinyamaza siku tatu, kwa kuwa Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba shahidi anayemtaja mshukiwa mapema ndiye anayeaminika zaidi. Jibu la mwanamke huyo, mbele ya mashemeji wa marehemu walioketi benchi la mbele, lingestahili sura nzima, na isiwe fupi.