Jokić alisema kazi imeisha twende nyumbani, sisi wa majuu mbona tunashindwa kulisema hilo neno

Jana nimebishana na jamaa kazini mpaka mapumziko yakaisha hatujala, yeye anasema Nikola Jokić, yule Mserbia anaecheza mpira wa kikapu hapa Marekani, haipendi Marekani na haupendi hata mpira wenyewe, anapiga kazi anachukua hela anakimbilia kwao Serbia kwa farasi wake. Mi nikamwambia hapana, yule ndo mgeni pekee namjua ambae ameelewa maana ya kwenda kutafuta. Nimerudi nyumbani bado linanichemka kichwani kwaiyo acha niandike.

Mi niko Aurora, hapa pembeni ya Denver, kwetu Muheza, Tanga. Nimeingia huku mwishoni mwa 2014, Jokić kaingia 2015 kuchezea Nuggets, timu ya kikapu ya Denver, yani tumeanza ugeni wa mji huu karibu wakati mmoja. Yeye katoka Sombor, mji mdogo kaskazini mwa Serbia, nchi ya tambarare watu wanalima mahindi na ngano, baba yake mtu wa mambo ya kilimo, na walikua wanaishi kwenye nyumba ya vyumba viwili vya kulala yeye, kaka zake wawili, wazazi na bibi. Kwenye drafti ya 2014, ile siku timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, alichaguliwa namba 41, raundi ya pili, na wakati jina lake linatajwa TV ilikua imeweka tangazo la chakula, na mwenyewe kwao alikua kalala. Hakuna alieona kitu. Leo ana MVP tatu, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, 2021, 2022 na 2024, na msimu wa 2024-25 alimaliza na wastani wa pointi 29.6, ribaundi 12.7 (mipira iliyokosa goli akaidaka) na asisti 10.2 (pasi za kufungia), mtu wa sentimita 211 anapiga pasi kama pointi gadi, yule mfupi anaepanga mchezo.

Ila sio namba zilizonishika. Ni usiku wa tarehe 12 Juni 2023. Nlikua shifti ya usiku ghalani, saa tatu na kitu hivi, tumejazana kwenye chumba cha chai, TV ndogo ipo juu ya friji, watu bado wamevaa glavu, Nuggets wanamfunga Miami 94 kwa 89 wanachukua ubingwa wa kwanza toka timu iingie NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Jokić kapiga pointi 28 na ribaundi 16. Mji mzima unapiga honi huko nje. Yeye anaanza kwenda kuwapa mkono Miami waliofungwa, alafu akaulizwa anajisikiaje akajibu kazi imeisha, sasa tunaweza kwenda nyumbani. Watu chumba kizima wakacheka. Mi sikuweza, koo lilinikaba, maana nlikua nshamaliza miaka nane na wa tisa umefika nusu na sijakanyaga Muheza hata siku moja.

Baadae wakamwambia sherehe ya mji mpaka Alhamisi akashangaa kabisa, ana farasi anakimbia Jumapili kwao Sombor anataka kuwahi. Jamaa yangu ndo anapoanzia hapo kusema ni dharau. Lakini hiyo Alhamisi si alibaki? Akasimama mbele ya watu wa Denver akasema alitaka kuondoka ila sasa anaona ni siku nzuri kuliko zote, alafu akapanda ndege na Jumapili akawepo kwenye mbio za farasi. Mbona hamna sehemu alipodharau mtu hapo. Kaheshimu alipo na kaheshimu alipotoka, vyote viwili, wiki moja.

Sasa tuje kwetu sisi wabeba boksi, maana hapa ndo nataka tuongee ukweli. Sisi tumegeuza nyumbani kuwa mtihani, hurudi mpaka uwe umejenga, hurudi mpaka uwe na hela ya kumpa kila mtu atakaekuja kukusalimia, shangazi, majirani, watoto wa majirani, mtu uliesoma nae darasa la tatu, na kama huna unasogeza mbele mwaka mwingine na mwingine, unatuma hela ya msiba unatuma hela ya harusi unatuma ada, sura yako inabaki kwenye WhatsApp. Wanasema mkataa kwao ni mtumwa, lakini wengi wetu hatujakataa kwetu, tunapaogopa. Yule ana mkataba wa 2022 wa zaidi ya dola milioni 270 kwa miaka mitano, na kila kiangazi anarudi Sombor kushinda kwenye banda la farasi wake. 2022 alipopata MVP ya pili hawakumpata Denver, viongozi wa timu na kocha wakafunga safari mpaka Sombor wakamkuta bandani, kaja kwenye kigari cha mbio amekokotwa na farasi, akawaona akatoa machozi. Timu ndo ilimfata kwao.

Najua mtu atasema huyo ana hela na ana pasipoti inayompitisha. Kweli, na sitaki tudanganyane. Miaka yangu ya kwanza makaratasi hayajakaa sawa, ukitoka unaweza usirudi ndani, na tiketi ya kwenda na kurudi ni ovataimu ya miezi. Baba yangu amefariki 2018, sehemu nlokua nafanya kazi wakati huo waliniambia siku tatu tu, siku tatu hata uwanja wa ndege wa KIA, Kilimanjaro, hujafika vizuri ushaanza kugeuza. Nikamzika baba kwenye simu. Mdogo wangu alishika simu juu ya vichwa vya watu, mtandao unakata, picha inaganda kwenye shati la mtu, sauti ya dua inakuja vipande vipande. Mpaka leo shati lile naliona, la bluu lina mistari. Kwaiyo sisemi ni rahisi, nasema tulipopata nafasi pia hatukuitumia. Grini kadi nilipata 2020, nimeenda nyumbani mara moja tu, Desemba 2023, na ni lile neno la Jokić lilionikatisha tiketi.

Kingine ambacho watu hawakisemi, yule hakuja peke yake. Kaka zake Strahinja na Nemanja walihamia Denver nae, na mpenzi wake wa toka shule ambae leo ni mke wake, wakaishi nyumba moja. Pete ya ndoa anaifunga kwenye kamba ya kiatu akiwa anacheza. Mi baridi yangu ya kwanza nlikua na chumba na redio. Nakumbuka wiki nzima sijaongea Kiswahili na mtu kwa mdomo, mpaka nlipokutana na mama mmoja Mkongo dukani ananunua unga nikamwamkia shikamoo bila kufikiri, akaitika kwa Kiswahili chake cha Bukavu, tukasimama pale kwenye mlango watu wanatupita.

Na nyumbani nao niwaambie kidogo. Sisi tulikua na Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, namba 2 kwenye drafti ya 2009, nafasi 39 juu ya aliyopata Jokić miaka mitano baadae, na vijiweni nakumbuka tulivyokua tunamhukumu kila wiki kama vile katukopa. Tuliemtuma kutafuta tunamtaka arudi bingwa au asirudi. Sombor wao naona wanamtaka Nikola tu, akipoteza au akishinda banda lipo.

Nimeshaomba likizo ya wiki tatu mwezi wa saba, machungwa Muheza yatakua yamejaa barabarani. Nyumba sijamaliza, imeishia kwenye lenta. Nimempigia mama juzi nikamwambia nakuja ila sina kitu safari hii, akanyamaza kidogo alafu akauliza nafika siku gani, ili mdogo wangu awepo stendi na pikipiki.