Bastola ya bei chee kwa kulenga shabaha: hesabu ya mtu wa Tabora

Jirani yangu hapa Isevya, mfanyabiashara wa asali, ameshikwa na homa mpya. Tangu aone ile picha ya Mturuki Yusuf Dikeç kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mkono mmoja mfukoni na miwani ya kawaida usoni, akichukua medali ya fedha na mwenzake Şevval İlayda Tarhan katika bastola ya upepo (ile inayosukuma risasi kwa hewa, si baruti) ya mita 10, naye anataka kuwa mtu wa shabaha. Shotigani anayo siku nyingi, kwa leseni, kwa ajili ya duka. Sasa ameona mtandaoni kwamba Marekani kuna bastola ya milimita 9, Hi-Point C9, inayouzwa ikiwa mpya kwa dola 200 hivi au pungufu, wakati Glock 17, bastola ya jina kubwa, inapita dola 500. Akaniuliza, "Jirani, kama ni kutoboa makaratasi tu, hii si inatosha?"

Swali lake si la kijinga. Karatasi haikurudishii risasi. Silaha ya kulinda nyumba ikikwama usiku, hiyo ni habari nyingine. Ikikwama uwanjani unaelekeza mtutu kwenye tuta la kuzuia risasi, unaondoa risasi, unacheka na wenzako, unaendelea. Aliyeko kwenye shabaha anaweza kuvumilia kasoro ambazo mlinzi hawezi. Hapo peke yake bei chee inapata hoja yake ya kwanza, na ni hoja nzito.

Tena si kwamba imeundwa kwa bahati nasibu. Ndani ya Glock, mtutu na slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza) hurudi nyuma vikiwa vimeshikana kwa hatua ndogo, kisha mtutu unainama na kuachia. C9 haina mshikano huo. Kinachozuia ganda lisichomoke mapema ni uzito wa slaidi na nguvu ya springi, basi. Ndiyo maana slaidi yake ni nene kama tofali na bastola nzima ina uzito wa gramu 820 hivi ikiwa tupu. Vipande vichache, kazi rahisi kiwandani, bei inashuka. Inabeba risasi 8 kwenye magazini, wakati Glock 17 inabeba 17, lakini kwa anayejifunza sioni hasara: ukimaliza nane unalazimika kusimama, kupumua na kwenda kutazama karatasi. Wengi wetu tungepiga vizuri zaidi kama magazini zetu zingekuwa ndogo.

Hata hoja ya "ghali ndiyo salama" haisimami imara kama inavyosemwa vijiweni. Ni kweli kwamba mwaka 2015 Taurus, kampuni ya Brazil inayosifika kwa bei za chini, iliingia suluhu ya kimahakama huko Marekani kuhusu aina 9 za bastola, karibu milioni 1 kwa idadi, zilizodaiwa kuweza kufyatuka zikianguka. Haikukiri kosa, lakini iliwajibika. Miaka miwili baadaye SIG Sauer, kampuni isiyouza vitu vya bei chee hata kidogo, nayo ilitangaza kurekebisha bastola zake za P320 zilizokwisha kuuzwa, kwa sababu ya maswali yaleyale ya kuanguka. Na hiyo ni bastola ambayo miezi michache kabla jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa limeichagua.

Nilimpeleka jirani kwa mjomba wangu, mwanajeshi mstaafu. Mjomba hakuzungumza habari za kampuni. Alitoa bastola yake, akachomoa magazini, akavuta slaidi, akachungulia, akaingiza kidole kidogo kuhakikisha, kisha akatukabidhi tuangalie sisi pia. Akaielekeza kwenye ukuta wa matofali nyuma ya nyumba. Akaweka sarafu ya shilingi 500 juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele.

"Haya baba, vuta. Sarafu isidondoke."

Jirani alivuta. Sarafu ikaanguka. Mara ya pili, ikaanguka. Mara ya tano ikatikisika, ikabaki.

"Umeona," mjomba akasema, "bastola haijapiga hata moja, na wewe umeshaikosa shabaha mara nne."

Somo lile, kwangu, ndilo kiini cha mjadala wote. Kwenye mita 10 au 15, mtutu wa bastola nyingi za bei ya chini una shabaha nzuri kuliko mkono wa anayeanza. Kinachomwangusha ni kifyatulio, kile anachovuta kwa kidole. Niliwahi kuazimwa moja ya bei ya chini, jina lake nalihifadhi, na kifyatulio chake kilikuwa kama mlango wa bati uliopinda: unavuta, unakwaruza, unakwama kidogo, halafu unaachia ghafla na mkono unakwenda nao. Baada ya risasi 40 nilikuwa nimejifunza kitu kimoja tu, kukaza mkono kabla ya mlio. Tabia hiyo ilinichukua muda mrefu kuitoa.

Kwa hiyo kipimo changu cha bei chee si lebo. Canik ya Uturuki inauzwa kwa bei ya chini kuliko majina makubwa mengi, na kifyatulio chake kinasifiwa hata na watu wa mashindano. Kwa upande mwingine, kuna bastola za bei hiyohiyo ambazo nisingempa anayeanza hata bure. Na tukirudi kwa Dikeç, watu walitazama miwani na mfuko, hawakutazama alichoshika. Bastola za mashindano ya mita 10 zina mpini uliochongwa kufuata kiganja, na kifyatulio ambacho uzito wa kukivuta unaruhusiwa kushuka hadi gramu 500. Duara la alama 10 kwenye shabaha ile lina kipenyo cha milimita 11.5, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mtu yule aliacha mapambo, kifaa hakukiacha.

Sasa tuje Tabora, maana hapa ndipo hesabu ya mtandaoni inapoharibika. Mtu wa Ohio, inakotengenezwa Hi-Point, akipata tatizo anairudisha kiwandani, na kampuni inasifika kwa kuitengeneza bila kujali wewe ni mmiliki wa ngapi. Dhamana hiyo ni sehemu kubwa ya thamani ya dola zile 200. Wewe wa Isevya utaipeleka vipi? Utaipakia kwenye behewa hadi Dar, kisha? Dhamana ambayo huwezi kuifikia ni kama haipo. Ongeza vumbi letu la kiangazi. Glock inafunguka kwa mikono mitupu ndani ya sekunde chache. C9 inataka kung'oa pini kwa nyundo na chuma chembamba kila unapotaka kuisafisha ndani. Najua mafundi wetu wa gobore wana mikono ya ajabu, Unyamwezi huu umejua bunduki tangu enzi za Mirambo, lakini gobore halina slaidi wala magazini, na si ruhusa mtu yeyote tu kufungua karakana ya bastola.

Halafu kuna gharama zisizojali umenunua nini. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 huwezi kumiliki bastola bila leseni, na kuipata ni safari: barua, vikao, polisi, nauli, siku za duka kufungwa. Muuzaji naye ana gharama za vibali na usafirishaji. Zote ni zilezile kwa bastola ya dola 200 na ya dola 500. Ukizijumlisha, ile tofauti iliyokuwa zaidi ya mara mbili inaanza kuonekana ndogo. Kwa hiyo kadiri ulivyo mbali na kiwanda, ndivyo cha bei chee kinavyopoteza unafuu wake.

Risasi ndizo zinazomaliza ubishi. Tuchukue bei za Marekani, ambazo ni za chini: senti 25 za dola kwa risasi moja ya milimita 9. Ukipiga 100 kila baada ya wiki mbili, kwa mwaka ni risasi 2,600 hivi, yaani dola 650. Zaidi ya mara tatu ya bei ya bastola, na hapo sijaweka vizibo vya masikio na miwani ya kinga. Na utazipigia wapi? Uwanja uliokubaliwa, wenye tuta na msimamizi, ndio wa kuuliza kwanza, polisi hapo mjini wakuelekeze. Porini kwenye mizinga ya nyuki ya watu hapana.

Nilimwambia jirani hivi. Kama uwanja hujaupata, usinunue yoyote. Kama umepata na una fedha ya bastola moja tu, acha C9, si kwa sababu ni mbaya, ila kwa sababu uzuri wake umebaki Ohio. Tafuta ya katikati ambayo muuzaji wako anaweza kukuonyesha springi na magazini ya akiba palepale mezani. Iliyotumika ya jina linalojulikana naiweka juu ya mpya ya bei chee, mradi karatasi zake ziwe safi. Na kama kweli ni mita 10 zilizokuvutia, bastola ya upepo ingekufundisha kifyatulio kwa gharama ndogo kabisa ya risasi, ingawa nayo usiilete kama kitu cha kuchezea. Uliza polisi kwanza kama inadai leseni.

Hakufurahi. Alitaka nimwambie ndiyo au hapana. Jana nilimkuta dukani, ndoo za asali zimepangwa ukutani, ameshika bomba la plastiki mkono ulionyooka, sarafu juu yake, kidole kinavuta hewa. Alikuwa amefika mara ya kumi na moja bila kuidondosha, akanionyesha kwa jicho nisiseme kitu.