Si kila taarabu yafaa
Makala niliyoyasoma yasema taarabu yoyote yafaa kusindikiza hadithi za majini usiku wa baridi ya kusi. Sikubali. Wimbo wenye mashairi humnyang'anya msimuliaji masikio ya watu, maana Mswahili akisikia fumbo lazima alifumbue. Chezesha bashraf, yaani ala tupu bila mwimbaji, au udi, ile ala ya nyuzi, peke yake, sauti iwe chini kiasi cha mtu kunong'ona na kusikika. Spika ya simu haitoi besi ya udi, hubaki mlio mkali tu. Na hapa ndipo wengi huharibu: muziki uzimwe kabla jini wa hadithi hajabisha hodi, si baada, sikio lililokwisha kuzoea udi hushtuka likiukosa. Wenzangu wa Mombasa, mwajua vipande vya tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonyezo, visivyo na maneno?